Mkono Nyuma ya Pazia

Haya hayakumpata mtu wa kusikika kwa mbali. Margaret alikuwa dada yangu wa tumbo moja, tulikulia nyumba moja kule Kitale, na katika yaliyompata mimi nina sehemu yangu. Nimekaa nayo zaidi ya mwaka. Leo nayasema.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, siku isiyo na neno. Margaret alikuja kwangu Walthamstow kama alivyozoea, tukashuka sokoni, tukanunua ndizi za kupika na yale majani mabichi tunayoyapika badala ya sukuma wiki. Mimi ni muuguzi, nilikuwa nimetoka shifti ya usiku hospitalini na miguu ilikuwa inawaka. Tuliporudi nyumbani nikabandika chai. Margaret hakuvua koti. Alisimama mlangoni mwa jikoni akicheka peke yake.

"Tatiana, mimi na Baba Emma tunaacha kazi," akasema. "Tunaenda kuendesha malori."

Nilidhani ni mzaha. Margaret alikuwa na miaka arobaini na sita, mfupi, wa kuvaa viatu vya ibada hata akienda dukani. Lakini alikuwa amekwisha kuamua, na sababu aliyonipa ilinifunga mdomo.

Kwa miaka kumi na moja, yeye alilinda wazee usiku katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Mumewe, Fanuel, alifanya kazi mchana katika ghala, na siku za mechi alisimama getini kwenye uwanja wa Wembley, karibu na walikopanga. Mmoja akiingia, mwingine anatoka. Walikuwa na daftari juu ya meza ya jikoni la kuandikiana: nyama iko kwenye friji, Emma ana homa, fundi wa boila ya maji moto anakuja saa nne. Emma ndiye mtoto wao wa pekee. Wakati huo alikuwa ameshaenda chuo kikuu Leeds, na nyumba imebaki na lile daftari.

"Unajua tunalala kitanda kimoja, lakini si pamoja?" Margaret aliniambia. "Mimi nikirudi asubuhi nalalia joto aliloliacha. Basi. Hilo ndilo ninalopata kwa mume wangu. Joto la shuka."

Wakajifunza. Fanuel alifaulu mtihani mara ya kwanza, Margaret mara ya tatu. Alipofaulu alinipigia simu akiwa bado ndani ya gari la mwalimu, analia. Emma alipoambiwa alijibu kwa Kiingereza chake, kama anavyojibu kila kitu tunachomwambia kwa Kiswahili, kwamba mama yake amerukwa na akili na kwamba anajivunia mama yake.

Kampuni waliyoipata ilikuwa na yadi mashariki ya London. Iliwataka wawili wawili, ili lori lisisimame: mmoja anaendesha, mwingine anapumzika kwenye kitanda chembamba nyuma ya viti, nyuma ya pazia zito la rangi ya kahawia. Walipeleka vyakula vya madukani hadi Inverness, juu kabisa Scotland, na kurudi na samaki.

"Kwa hiyo bado mmoja analala mwingine akiwa kazini," nikamtania.

"Lakini sasa ni hatua moja," akasema. "Nikinyoosha mkono namfikia."

Miezi ile ya kwanza sikupata kumwona dada yangu mwenye furaha vile. Alinitumia picha za milima, za kondoo, za Fanuel akinywa chai juu ya vidato vya lori. Kisha siku moja alinipigia simu na kushusha sauti kama msichana.

"Usimwambie nimekwambia. Nikiwa nimelala, Baba Emma ananyoosha mkono nyuma ya pazia, ananigusa shingoni. Vidole viwili, hapa chini ya taya. Anaviacha kidogo, halafu anavitoa. Anafikiri sijui."

"Nawe unafanya nini?"

"Najifanya nimelala. Ili aendelee."

Nilifurahi naye. Siku ya Pasaka ya mwaka uliofuata wakaja kwangu kula. Margaret alikuwa jikoni anakaanga chapati, mimi na Fanuel tumekaa sebuleni. Fanuel ni mtu wa maneno machache. Siku hiyo alikuwa anazungusha kikombe mkononi, anatabasamu.

"Dada yako ananipenda, shemeji," akasema. "Nikiwa nimelala, ananyoosha mkono, ananigusa shingo. Kidogo tu. Anafikiri sijui. Usimwambie."

Niliona ni jambo tamu, wazee wawili wanaibiana mapenzi na kila mmoja amenipa siri yake. Wakati huo sikufikiria zaidi.

Jumanne yake nilikuwa wodini. Mzee mmoja alikuwa ametulia mno kitandani, nami nikamwendea haraka, nikaweka vidole viwili chini ya taya yake. Nilivituliza pale. Nilipousikia mshipa unapiga nikavitoa, ndipo nikamkumbuka Margaret. Hivyo ndivyo tunavyomgusa mtu tunapotaka kujua kama bado yu hai.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikampigia Margaret, nikamwuliza kama jambo la kawaida tu. Dereva akiwa ameshika usukani, mkono wake unafika kitandani?

"Mbona unauliza?" akasema.

Waliulizana mchana wa siku ileile. Walikuwa wamesimama kwenye kituo cha mapumziko kando ya barabara kuu, jua limewaka, watu wanapita na vikombe vya kahawa. Wote wawili walikuwa wamekaa viti vya mbele. Injini imezimwa. Margaret alimwuliza, naye Fanuel akacheka.

"Mimi? Mimi naendesha, nakugusaje? Si wewe ndiye unayenigusa?"

"Baba Emma, mimi sijakugusa."

Wakatazamana. Fanuel aliniambia baadaye kwamba kwanza aliona haya, kabla ya kuogopa. Aliona haya kwa sababu alikuwa ameupenda ule mkono.

Kisha nyuma yao pete za pazia zikasogea juu ya chuma. Moja. Halafu nyingine. Taratibu. Hakukuwa na upepo, madirisha yalikuwa yamefungwa. Pazia likafunguka upana wa kiganja, likakaa hivyo. Kama mtu anachungulia kitanda kuona kama kuna aliyelala. Halafu, taratibu vilevile, likajifunga.

"Tushuke," Margaret akanong'ona.

Walisimama nje saa nzima kabla ya kuweza kupanda tena.

Mekanika mmoja wa yadini, Nikhil, ndiye aliyemwambia Fanuel. Alimvuta pembeni nyuma ya matairi, akazungumza huku akitazama chini. Lori lile lilikuwa la mume na mke wengine kabla yao, Wakongo kutoka Bukavu, Philippe na Thérèse. Siku moja wakitoka Scotland, Thérèse alisema kichwa kinamwuma, akaingia nyuma ya pazia kulala. Philippe akaendesha hadi London. Njia nzima alikuwa anazungumza naye, anamwambia habari za nyumba waliyotaka kuhamia, sakafu itakuwa ya rangi gani. Mkewe hakujibu, naye akafikiri amelala. Hakutaka kumwamsha. Alipofika yadini akafungua pazia. Mkewe alikuwa amekufa kwa saa sita.

"Na yeye?" Fanuel akauliza.

"Hakupanda lori tena. Majira ya baridi yaliyofuata naye akafa, chumbani kwake. Watu walisema ni moyo." Nikhil alijifuta mikono na kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Hilo pazia nimelibadilisha mara tatu. Linachakaa mahali pamoja tu. Pale ambapo mtu angelishika."

Waliomba lori jingine, wakaambiwa hakuna kwa sasa. Kuacha kazi kulikuwa ni kurudi kwenye lile daftari la jikoni. Wakakaa. Na kitu cha ajabu ni kwamba wakazoea. Ulikuwa mkono wa baridi, Margaret alisema, lakini haukuwa na ubaya. Ulikuja, ukagusa, ukaridhika, ukaondoka. Siku nyingine alikuwa anasema kwa sauti ya usingizi, "Mimi mzima, Philippe. Asante." Akaniambia hilo kwa simu nami nikasikia nywele zinanisimama, lakini yeye alikuwa anacheka.

Mambo yalibadilika mwezi wa kumi.

Mkono uliacha kumgusa Fanuel. Ukawa unamjia Margaret tu, tena mara kwa mara. Kila saa. Kisha kila nusu saa. Vidole vilikaa shingoni muda mrefu zaidi, kama mtu aliyehesabu, akakosea, akaanza upya. Halafu siku moja ukaacha shingo. Ukamshika mguu. Mguu wa kushoto, shavu la nyuma, ukambana kwa nguvu mpaka akaamka na maumivu. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena.

"Naona aibu, Tatiana," aliniambia, na sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Mkono wa mwanamume asiye mume wangu unanishika mguu nikiwa nimelala. Na mguu unaniuma hata nikiwa nimeamka. Kuna nini ndani ya lile gari?"

Nilikuwa muuguzi kwa miaka kumi na tisa. Mwanamke wa miaka arobaini na saba, anayekaa na kulala ndani ya gari siku nzima, ananiambia mguu mmoja unauma. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angemwambia aende hospitali siku hiyohiyo. Mimi sikusikia mguu. Nilisikia pepo.

Nikawapeleka kwa mchungaji wetu. Mimi ndiye niliyempigia simu, mimi ndiye niliyempeleka yadini Jumapili baada ya ibada. Ilikuwa saa tisa alasiri na mvua nyepesi. Alipaka mafuta milango, akapaka usukani, akapaka chuma cha pazia. Tukashikana mikono, tukaomba karibu saa nzima. Katikati ya maombi pazia lilitikisika, sote tukaliona. Mchungaji akapaza sauti. Mimi nilikuwa karibu na mlango, na katikati ya zile kelele zetu nilisikia kitu ambacho sikumwambia mtu. Kulikuwa na mwanamume analia ndani ya kabini. Kilio cha mtu anayejizuia.

Tulipomaliza, mchungaji alimshika Fanuel bega.

"Litajaribu kurudi," akasema. "Mkisikia lolote nyuma ya pazia, msitazame. Likibisha, msiitike. Likilia, msilihurumie. Imbeni, msonge mbele."

Wiki mbili zikapita kimya. Margaret alilala vizuri, au alisema hivyo. Mguu ulikuwa bado unauma, akasema ni uzee.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa kumi na moja. Yote ya siku hiyo nimeyapata kwa Fanuel, mengine siku ya pili yake, mengine baada ya miezi.

Walikuwa wanarudi kutoka Inverness. Karibu na Carlisle walisimama, wakala supu, wakabadilishana zamu. Margaret alipanda vile vidato vitatu vya lori, akafika juu anahema. Alishika kifua, akacheka.

"Ona, Baba Emma. Umeoa bibi kizee."

"Lala," Fanuel akasema. "Nitakuamsha Birmingham."

Akaingia kitandani. Akaweka vizibo vyake masikioni, maana kwa miaka ile yote ya kulala mchana hakuweza kulala bila hivyo. Akanyoosha mkono akamgusa mumewe bega. Ulikuwa mkono wake, wa joto. Kisha akavuta pazia.

Saa saba mchana. Barabara kavu. Walipita Penrith, wakaanza kupanda kwenye vilima, mbingu buluu, kondoo kila upande. Fanuel anasema haikuwa siku ya kuogopa chochote.

Kitu kikagonga mgongo wa kiti chake. Mara tatu.

Alikaza mikono kwenye usukani. Akakumbuka aliyoambiwa. Hakugeuka.

Pete za pazia zikalia. Sasa hazikuwa taratibu. Zililia zote kwa pamoja, pazia likavutwa hadi mwisho, likarudishwa, likavutwa tena.

Akaanza kuimba.

Vidole viwili vikamgusa shingoni. Vya baridi. Ilikuwa mara ya kwanza vimguse akiwa anaendesha. Havikutulia kama zamani. Vilimsukuma. Kichwa chake kikayumba, lori likagusa mstari wa pembeni, magurudumu yakanguruma. Akalirudisha njiani, akawasha nyimbo za injili, akaongeza sauti.

Ngumi ikapiga mgongo wa kiti. Ikapiga tena.

Kisha ikaacha.

Halafu akasikia kitanda. Kililia kikishuka, kikapanda, kikalia tena. Tu. Tu. Tu. Tu. Haraka, sawasawa, bila kupumzika, kama mtu anayetwanga kwa mikono miwili. Mgongo wa kiti chake ulikuwa unatikisika kwa kila pigo. Akaongeza sauti ya nyimbo mpaka mwisho. Bado aliyasikia mapigo, kupitia kwenye kiti, ndani ya mbavu zake mwenyewe.

Wimbo mmoja ukaisha. Kabla ya mwingine kuanza pakawa na kimya kifupi, na ndani yake akasikia sauti ya mwanamume aliyeishiwa pumzi.

"...makumi tatu."

Ndivyo Wakongo wa mashariki wanavyosema thelathini. Halafu mapigo yakasimama. Pumzi moja. Pumzi mbili. Yakaanza tena.

Fanuel aliimba. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anaimba. Yalipita Tebay, yakapita Kendal, hayakuchoka. Kila mara yalisimama kidogo, yakaanza. Alitaka kusimamisha lori. Mguu wake ulitaka kukanyaga breki. Lakini alijiambia, hicho ndicho linachotaka. Nisimame. Nitazame. Karibu na Lancaster mapigo yakaanza kulegea. Yakawa machache. Yakakoma.

Baada ya hapo akasikia kilio. Hakikuwa na nguvu. Kilikuwa kilio cha mtu aliyeweka uso wake ndani ya nguo za mtu mwingine.

Msilihurumie.

Halafu kimya.

"Asante, Yesu," Fanuel akasema.

Aliniambia kwamba hajawahi kuhisi mwepesi kama saa ile. Alizima nyimbo. Barabara ikawa nzuri. Akaanza kuzungumza na mkewe kwa sauti ya chini, ingawa alijua amelala na masikio yameziba. Akamwambia tumelishinda, Mama Emma. Akamwambia Krismasi hii Emma akija tutakwenda wote watatu kwa Tatiana, na mwakani twende nyumbani, tukae mwezi mzima. Alizungumza hadi Birmingham. Hakutaka kumwamsha mapema.

Alisimama kwenye maegesho, akazima injini.

"Mama Emma. Tumefika."

Akafungua pazia.

Alikuwa amelala chali. Blanketi lilikuwa chini. Zipu ya sweta yake ilikuwa wazi hadi tumboni, na kichwa kimeinuliwa nyuma, kidevu juu, kama mtu anayetazama dari. Fanuel aligusa shavu lake kwa ncha za vidole. Lilikuwa limepoa. Hakumgusa tena. Aliteremka, akakaa chini kwenye lami kati ya malori, na dereva mmoja Mpolandi ndiye aliyepiga simu.

Wahudumu wa ambulensi walipopanda hawakufungua hata mikoba yao. Walimtazama, wakagusa taya yake, tayari ilikuwa imekaza, wakashuka na kuvua glavu.

Aliponipigia nilikuwa ndani ya basi, narudi kutoka kazini. Alisema maneno mawili tu. "Shemeji. Margaret." Sikumbuki niliteremka kituo gani.

Mwili ulikaa kwa ajili ya uchunguzi kabla hatujaruhusiwa kumpeleka nyumbani. Tulimzika Kitale wiki moja kabla ya Krismasi, karibu na mama. Mchungaji alikuwa ametuma ujumbe mrefu wa faraja, Fanuel hakuufungua. Jioni ya mazishi, tumekaa nje kwenye viti vya kukodi, ndipo aliponisimulia habari ya yale mapigo, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. Alikuwa anaamini ni lile pepo. Aliamini lilimuua kwa sababu tulilifukuza vibaya. Nami niliamini hivyo. Tuliamini hivyo kwa miezi miwili.

Ripoti ya daktari ilifika mwezi wa pili. Emma alikuwa amekuja kutoka Leeds, na mimi nilikwenda Wembley Jumapili ile ili tuwe pamoja. Fanuel aliweka bahasha juu ya meza ya jikoni, akaisukuma kwangu.

"Wewe unajua lugha yao," akasema. "Soma tu mwenyewe, utuambie."

Nilisoma. Bonge la damu lilikuwa limeganda mguuni, likapanda hadi kwenye mapafu. Mguu wa kushoto. Nikawaambia hilo, nikawaambia halikuwa jambo la maumivu marefu. Emma alilia kimya. Fanuel alitikisa kichwa tu.

Kisha nikageuza ukurasa.

Mbavu sita zilikuwa zimevunjika, tatu kila upande. Mfupa wa kidari ulikuwa na ufa. Juu yake kulikuwa na michubuko mipana, mahali ambapo viganja vingekaa. Daktari aliandika kwamba hayo yote ni ya kawaida kwa mtu aliyekandamizwa kifua kwa nguvu na kwa muda mrefu katika kujaribu kumfufua.

Nimefanya kazi hiyo kwa mikono yangu. Najua mbavu zinavyolia zinapoachia. Unakandamiza mara thelathini. Halafu unasimama, unampa pumzi. Moja. Mbili. Halafu unaanza tena.

Emma aliinuka, akaenda bafuni kunawa uso. Boila ililia ukutani, ikanyamaza.

"Shemeji," nikanong'ona. "Ulipomkuta. Ulimkandamiza kifua?"

"Niligusa shavu tu," Fanuel akasema. "Alikuwa ameshapoa. Kwa nini?"

"Na wale wa ambulensi?"

"Waligusa taya tu. Wakashuka."

Emma aliporudi aliuona uso wangu, akanyoosha mkono, akachukua karatasi. Alisoma mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno, kama alivyokuwa anasoma akiwa mdogo. Akafika pale. Akarudia. Halafu akaiweka karatasi chini, akazunguka meza, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba," akasema, na mara ya kwanza baada ya miaka alisema kwa Kiswahili, kile chake cha kukatika katika. "Wewe hujaniambia. Wewe ulimpigania. Mpaka mifupa yake... Baba, wewe hukumwacha."

Akachukua mikono yake miwili. Akavibusu viganja, kimoja, halafu kingine, akaviweka usoni pake na kulia ndani yake.

Fanuel alinitazama juu ya kichwa cha binti yake. Alikuwa anaelewa. Nilimwona anaelewa, kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda. Midomo yake ilikuwa inasogea bila sauti, anahesabu.

Nikachukua ile karatasi, nikaikunja, nikairudisha ndani ya bahasha. Emma alikuwa bado ameshika ile mikono, na baba yake hakuivuta.